Chale za Mzee Asheri

Wasifu uliosomwa kwenye mazishi ya Mzee Asheri Shemboza niliuandika mie, na ndani yake niliweka uongo mmoja. Mengine yote yalikuwa kweli: mwaka wa kuzaliwa, jina la mama yake, kanisa alilobatiziwa, idadi ya wajukuu. Uongo ulikuwa sentensi moja tu, karibu na mwisho, na watu waliitikia kwa kichwa nilipoisoma. Baadaye nilikwenda ofisi ya kijiji nikaandikisha maelezo yangu, nikatia saini. Hayo ni ya kiofisi, yako kwenye faili. Haya ninayoandika sasa ni ya Mzee Asheri mwenyewe, na hakuna aliyeniomba.

Jina langu Mastura. Nina steshenari pale Usagara, mjini Tanga, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na kompyuta mbili, moja mgonjwa siku zote. Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi, na wasifu wa marehemu nimechapa mwingi mpaka mfiwa akikatiza maneno ili alie mie nimeshajua mstari unaofuata. Nimezaliwa Makorora, nimekulia Makorora. Ukiniona mtaani na baibui langu huwezi kudhani kwamba niliwahi kukaa milimani miaka miwili na ushee, nalala kwenye hema, naamshwa na siafu. Watu wa mjini nikiwaambia hucheka. Wacheke tu, miaka ile ndiyo niliyojiona mtu.

Ilikuwa mwaka 2011. Mradi mmoja ulikuja kuhesabu miti ya Usambara ya Mashariki, ukatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Kazi yenyewe nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya: unapimwa mraba wa msitu kwa kamba, na kila mti ulio mnene kupita paja la mtu mzima unaandikwa jina lake, mzingo wake na urefu wake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa, mume wangu Nasri ana karakana ya useremala hapo hapo Usagara. Akasema nenda, pesa ya mradi si mbaya. Nikapanda mlima na viatu vya plastiki, jamani, siku ya kwanza nilianguka mara sita.

Kijiji kinaitwa Kwemsambu. Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya Mzee Asheri, na yeye ndiye aliyekuwa anataja majina. Bila yeye mradi wote ungekuwa watu wanazunguka na kamba. Kwa sababu msitu ule si kama minazi yetu, ambayo ukiuona mmoja umeiona yote. Miti imekwenda juu hata majani huyaoni, na huku chini kila shina limevaa ukungu ule ule na mimea ile ile inayoota juu ya miti. Mgeni husimama ameinua shingo mpaka inamuuma, asijue lolote. Mzee Asheri hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatoa kisu chake kidogo, anachanja gome chale moja ya urefu wa kidole, anabandua kipande, anatazama rangi ya ndani, anangoja kama utomvu utatoka mweupe au mwekundu au usitoke kabisa, ananusa, anagusa kwa ncha ya ulimi. Halafu anasema, huyu msambu. Huyu mtambara. Huyu mshai, lakini ana njaa, mmemwona alivyokonda? Anaitaja miti kama unavyotaja majirani.

Kisha anakuongezea jina la Kilatini. Kilatini alikirithi kwa masikio. Babu yake aliwabebea Wajerumani masanduku ya majani kule Amani, kwenye kituo chao cha miti, baba yake akawatunzia Waingereza mikwinini, ile miti ya dawa ya malaria, na yeye mwenyewe aliishia darasa la nne. Kilatini chake kilikuwa na lafudhi ya Kishambaa safi, na sikuwahi kuona profesa aliyethubutu kumsahihisha.

Alikuwa mashoto. Shuleni walimchapa mpaka akakubali kuandika kwa mkono wa kulia, mwandiko mbaya ajabu, lakini kisu hawakuweza kumtoa. Kwa hiyo chale yake ilianzia juu kushoto ikashuka kulia, wakati watu wengine wote hukata kutoka kulia kushuka kushoto. Askari wa msitu walikuwa wakipita mahali, wakiona chale, wanasema Asheri alikuwa hapa. Ilikuwa ni saini yake.

Kisu mie sikuruhusiwa kukigusa. Nilimwomba mara moja, akacheka kwa upole, akasema kazi yangu kalamu. Mtu pekee aliyemfundisha alikuwa mwanawe wa kwanza, Mathew, naye mashoto vile vile, wakati ule ana miaka thelathini hivi. Siku Mathew akija nasi, baba na mwana wanabishana juu ya harufu ya gome moja nusu saa nzima, huyu anasema lina harufu ya pilipili manga, huyu anasema ya sabuni ya kufulia, na sisi wengine tumekaa juu ya magogo tunakula mihogo ya kuchemsha tukingoja hukumu. Nilipenda kuwatazama. Sijapata kuona baba na mtoto wanaofurahiana namna ile.

Milima nayo ilinifundisha adabu. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani ya hema, unavaa nguo mbichi. Kuna vinyonga wenye pembe mbili kwenye pua, wanakutazama jicho moja huku jicho jingine likishughulika na mambo yake. Hondohondo wakipita juu, mbawa zao zinavuma mpaka unainama. Kuna jabali moja la kutisha tulilokuwa tunalipanda kwa kushika mizizi, na juu yake miti ya tambiko ya ukoo wa kina Shemboza, ambayo haijapata kuguswa na shoka. Mzee Asheri, mzee wa kanisa la Kilutheri mzima mzima, tukifika pale anavua kofia, anapita kimya. Nilimtania, Mzee, unawavulia kofia wahenga ambao hawajabatizwa? Akanijibu kwamba kofia si imani, kofia ni heshima.

Jumapili hakuingia msituni. Hata kuni hakuokota. Jumapili ni kanisa, tarumbeta, na wali wa mkewe, Mama Mathew. Mtu yeyote wa Kwemsambu angekuambia hivyo.

Sasa niseme langu. Baada ya miaka miwili ya kusikia, kunusa vipande alivyovitupa na kuviokota nyuma yake, mie nilikuwa naujua msitu. Si wote, lakini nilikuwa naandika jina kabla hajalitaja. Hakuna aliyegundua. Wageni wakija wanapiga picha na Mzee Asheri, wanamwuliza maswali, na mie wananiambia sogea kidogo dada, unaziba mwanga. Nilikuwa na kijicho. Naona haya kuliandika neno hili, lakini ndilo lenyewe. Nilimpenda kama baba, na nilimwonea kijicho.

Mwaka 2013 mwezi wa tisa, Nasri alikuja kunitembelea akiwa na rafiki yake Sele, mfanyabiashara wa mbao. Tumekaa tunakunywa chai, Sele akaanza kunichokoza. Akasema shemeji kazi yako nini hasa, kuandika tu? Mti wenyewe ukiambiwa uutaje utaujua? Nasri akacheka. Kile kicheko chake kiliniunguza, wallahi. Ilikuwa Jumapili, tarumbeta zinalia chini kanisani. Nikachukua kisu cha jikoni, nikawaambia nifuateni.

Niliwaonyesha miti saba, nje ya miraba yetu, kwenye bonde lisilo na njia. Mivule miwili, mikulo mitatu, mitambara miwili. Kila mmoja niliuchanja, nikanusa, nikaonja, nikataja. Niligonga mashina nikawaambia huu mzima, ule una uwazi ndani, achaneni nao. Mie situmii kushoto, lakini nilipindisha kiwiko chale ikalala vile vile kama za Mzee Asheri, kwa kuwa macho yangu hayakuwahi kuona chale ya namna nyingine. Sikukusudia kuiga. Sele aliacha kucheka. Nasri alinitazama kama amenioa upya. Nilifurahi, na sitaki kudanganya hapo pia.

Wala nisijifanye mtoto. Mwenye ghala la mbao akikuuliza mti upi hauna uwazi ndani, anakuuliza nini? Nilijua. Nilijiambia sijui, nikaenda zangu kufua.

Wiki tatu baadaye watu wa Sele walikuwa wameangusha mitatu, mapande ya magome yametapakaa, walipofurumushwa na askari wa msitu wakakimbia na kuacha hata msumeno. Minne ilikuwa imesimama, kila mmoja na chale yake mbichi. Askari hawakuhitaji kuulizana. Chale ya kushoto kushuka kulia, mahali ambapo mradi haukufika. Nani mwingine?

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Walikuja wakubwa wa mradi, askari, na kijiji kizima kikajaa uwanjani mbele ya ofisi. Mie ndiye niliyepewa kazi ya kuandika muhtasari, kwa sababu ya huo mwandiko wangu mzuri. Nilikaa kwenye benchi, daftari mapajani, hatua nne kutoka alipokuwa amesimamishwa. Walimpeleka kwanza bondeni kuiona miti, akarudi. Wakamwuliza kama chale zile ni zake. Alichukua muda mrefu kujibu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusimama, mtu angeweza kusoma sura nzima ya msahafu katika kimya kile. Nilitazama kalamu.

"Siwezi kusema si zangu," alisema Mzee Asheri.

Wakamwuliza alikuwa na nani, ni nani aliyemtuma. Hakujibu tena hata neno. Basi, wakamwondoa kazini, wakachukua kisu, na wakampiga marufuku kuingia msituni, yeye ambaye babu yake aliuzaa huo ujuzi. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Niliyaandika yote, kwa mistari iliyonyooka. Alipopita mbele yangu akielekea kwake alisimama kidogo, akaniambia nifunge daftari, mvua inakuja.

Juu ya maneno yale nilijenga nyumba nzima. Nikajiambia, anajua. Ameiona chale, amejua ni ya Mastura, na ameamua kunisitiri kama baba anavyomsitiri binti. Amenisamehe, na kunisamehe kwenyewe ni siri yetu, nikiifungua nitamharibia. Mtu mwenye hatia ni fundi, hushona nguo ya kumtosha yeye mwenyewe. Nimeivaa hiyo nguo miaka kumi.

Mradi ulifungwa mwaka uliofuata, nikarudi mjini. Nasri tuliachana kwa mambo mengine, hayana haja hapa. Kila mwaka nilipanda Kwemsambu mara mbili au tatu, nimebeba nazi na samaki wa kukaanga, na Mama Mathew, jina lake Anastazia, ananipokea kama mkwe. Mzee Asheri nilimkuta siku zote kibarazani, kiti kimeelekea msituni. Wajukuu na wapita njia walikuwa wanamletea vipande vya magome, anafumba macho, ananusa, anataja. Kucheka hakucheki tena sana. Nikimwambia shikamoo, ananiitikia kwa moyo mkunjufu, ananiuliza habari za biashara, ananifungia iliki kwenye gazeti. Nikishuka mlima najisemea, unaona, hana kinyongo na wewe.

Mathew alihama mwaka ule ule wa mkutano, akaenda Horohoro mpakani, akawa wakala wa forodha. Kurudi akawa harudi. Nilimlaumu moyoni, nikasema vijana wa milimani wakishaonja pesa ya mpakani wanasahau njia. Siku moja nilikutana naye stendi ya Tanga, nikamsema vibaya mbele za watu, baba yako anazeeka, hata Krismasi huendi, wewe ni mtoto wa namna gani? Alinitazama bila hasira. Akasema nikifika nimwambie baba amkaribishe yeye nyumbani. Nikaona ni jeuri, nikampa mgongo.

Mwaka jana, mwezi wa tano, Bertha, binti mdogo wa Mzee Asheri, alinipigia simu dukani. Baba ametutoka, dada Mastura. Akasema wamekaa kama familia wameona wasifu niandike mie, kwa kuwa ndiye niliyekuwa naye msituni, na kwamba niusome mwenyewe, maana wao hawataweza. Nikafunga duka nikakaa kwenye kompyuta ile nzima. Nilichapa vizuri mpaka nilipofika 2013. Niliandika ukweli, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mara nne. Nilijiambia wafiwa wana msiba wa kutosha. Mwishowe nikaandika: Mwaka 2013 marehemu alistaafu kazi kwa heshima. Nikatoa nakala hamsini.

Tulizika saa nane mchana, nyuma ya nyumba, jua limepenya ukungu. Nilisoma nikiwa na mtandio wangu kati ya mitandio ya Walutheri, sauti haikutetemeka, nilipofika kwenye sentensi ile wazee wakaitikia kwa kichwa. Mathew alikuwepo, amesimama mbali na ndugu zake, ametupa udongo wake baada ya watu wote. Tarumbeta zikalia. Watu wakaenda kula.

Mama Mathew akaniita ndani, chumba walimokuwa wamekaa akina mama kwenye mikeka, akawaomba watupishe kidogo. Akanishika mikono yote miwili. Akasema amenisikia nikisema kwa heshima, na kwamba neno hilo mumewe alilikosa miaka kumi, na mie nimempa siku ya mwisho, Mungu anilipe. Mikono yake ilikuwa ya baridi, kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Nilishindwa. Kama angenitukana ningeweza kuendelea kunyamaza, lakini ile shukrani ilinivunja.

"Mama, zile chale nilikata mie," nilisema.

Akaniuliza zipi. Nikamweleza yote, Sele, Nasri, kisu cha jikoni, Jumapili ile. Nilikuwa nalia, yeye halii. Nikamwambia pia kwamba najua Mzee alijua, kwamba alininyamazia kwa huruma yake, na kwamba sikustahili. Hapo ndipo aliponiachia mikono.

"Kwa hiyo hakuwa Mathew," alisema.

Sikuelewa. Akakaa chini kwenye mkeka, akaongea polepole akitazama ukuta. Jioni ya mkutano ule mumewe alirudi akamwambia maneno machache tu: mkono ni wa mtoto wako. Chale ya kushoto ilikuwa ya watu wawili tu duniani, yeye na Mathew, na yake anaijua. Hakumwuliza kijana. Alisema akimwuliza akakana, atakuwa amemfundisha uongo juu ya wizi, na akikiri, itabidi ampeleke polisi kwa mkono wake mwenyewe. Basi akanyamaza mkutanoni ili asimtaje, na akanyamaza nyumbani kwa sababu hakuweza kumtazama. Hakula naye tena sahani moja. Hakumwuliza tena harufu ya gome. Mathew akauliza nimekosa nini, hakujibiwa, akaondoka. Hata akiwa mgonjwa kitandani, mama alipomsihi amwite mwanawe, alisema anayejua alilofanya atakuja mwenyewe.

Mie hakuwahi kunifikiria. Hakunisamehe, hakunisitiri, hapakuwa na siri yetu yoyote. Kisu hakuniona nikikishika, kwa hiyo mkono wangu haukuwepo kwenye hesabu yake. Nilikuwa kalamu. Na pale aliposimama mbele yangu akasema nifunge daftari mvua inakuja, alimaanisha mvua.

Mama Mathew aliinuka, akaenda mlangoni, akamwita mwanawe aliyekuwa anapanga viti chini ya turubai. Akaja anajipangusa mikono kwenye suruali. Mama yake akanielekeza kidole, akasema mwambie. Nikarudia yote, na safari hii hakukuwa na machozi ya kunisaidia, nilisema kama ninavyosoma nakala. Mathew alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mama yake.

"Amekufa anajua ni mimi?"

Mama yake akaitikia kwa kichwa.

Aliufumba mkono wa kushoto. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma. Dirisha la chumba kile linatazama kaburini, na maua yalikuwa bado mabichi juu ya udongo. Mathew alipiga magoti upande wa kichwa, akainama mpaka karibu na msalaba, jinsi unavyomwinamia mtu asiyesikia vizuri.

"Baba, si mimi," alisema.

Akangoja. Halafu akasema tena.